Ufunguo Uliopotea: Sayansi ya Kufuli ya Gurudumu la Akiba

Tuchukue mfano wa lori lililopakia mahindi, linalotoka Mbeya kwenda Dar es Salaam. Usiku, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, ambamo barabara kuu hukatiza makazi ya wanyama, tairi la nyuma linapasuka. Gurudumu la akiba lipo. Limefungwa chini ya gari kwa mnyororo na kufuli ili wezi wasilichukue. Jeki ipo na spana ipo. Dereva anapapasa mifuko, utingo anapekua kila pembe ya kibini, lakini ufunguo hauonekani. Kufuli iliyowekwa kumzuia mwizi sasa inamzuia mwenye mali.

Wazo la kwanza huwa ni nyundo. Katika makala haya tutaeleza jinsi kufuli inavyofanya kazi, ili msomaji aone kwa nini nyundo haifai, na ni njia zipi zinazofaa.

Muundo wa kufuli

Kufuli nyingi za namna hii hufuata mpango wa Linus Yale mdogo, fundi wa Marekani aliyepata hataza zake mwaka 1861 na 1865. Kanuni yenyewe ni ya zamani zaidi, kwani kufuli za mbao zenye vijiti vinavyodondoka na kuzuia komeo zilitumika Misri tangu kale.

Ndani ya mwili wa kufuli mna silinda ndogo inayoweza kuzunguka, na katika silinda hiyo ndimo unamoingia ufunguo. Matundu, kwa kawaida matano, yametobolewa kutoka mwilini hadi ndani ya silinda, yakiwa yamepangwa katika mstari mmoja. Kila tundu lina pini mbili, moja juu ya nyingine, pamoja na springi inayozisukuma kuelekea kwenye njia ya ufunguo. Pini zinazogusa ufunguo hazilingani urefu.

Ufunguo usipokuwamo, pini za juu hukaa nusu katika mwili na nusu katika silinda, kama makomeo madogo, na silinda haizunguki. Ukiingizwa ufunguo wake, kila bonde lililochongwa huinua pini zake kwa kiasi kinachotakiwa, hata maungio ya pini zote yakafika sawasawa kwenye mpaka wa silinda na mwili. Hapo silinda huzunguka na upinde wa kufuli huachiliwa. Bonde moja likizidi au kupungua kina kwa sehemu ndogo tu ya milimita, pini moja hubaki imevuka mpaka, na hiyo moja yatosha kuzuia kufuli isifunguke.

Ufunguo ni namba

Tukichukulia kwamba kila moja ya pini tano za chini yaweza kuwa na urefu wa namna 6, funguo mbalimbali zinazowezekana ni 6 × 6 × 6 × 6 × 6, yaani 7,776. Mtu akizijaribu zote, kila moja kwa sekunde 10, atatumia karibu saa 22 bila kupumzika. Ndiyo sababu kufuli ndogo huweza kulinda mali kubwa.

Kwa hiyo ufunguo ni namba iliyochongwa katika chuma. Ulipopotea, chuma chenyewe si hasara kubwa. Kinachohitajika ni ile namba. Baadhi ya watengenezaji huipiga mhuri juu ya kufuli au juu ya ufunguo, au huiandika katika kadi inayouzwa pamoja nayo. Fundi wa funguo mwenye jedwali la mtengenezaji aweza kuchonga ufunguo mpya kwa namba hiyo bila kuuona ule wa kwanza.

Namba isipopatikana, fundi hodari huingiza ufunguo usiochongwa na kuuzungusha kidogo. Pini zilizobanwa huacha alama ndogo juu yake. Fundi hukata kwa tupa penye alama, hurudia tena na tena, mpaka kufuli ifunguke. Fundi mwaminifu atataka kwanza kuona kadi ya gari, na mwenye gari asiudhike.

Ikilazimu kuvunja

Upinde wa kufuli nzuri huwa wa chuma cha pua kilichokazwa kwa moto, na msumeno huteleza juu yake. Silinda na pini, kinyume chake, mara nyingi ni za shaba nyeupe, yaani mchanganyiko wa shaba na zinki, ambayo ni laini zaidi. Kwa hiyo fundi hutoboa kwa keekee juu kidogo ya njia ya ufunguo, pale penye mpaka. Pini zikisagika, bisibisi hutosha kuzungusha silinda. Kufuli imeharibika, lakini mnyororo na gurudumu vimesalimika.

Hatari iko chini ya gari. Gurudumu la lori kubwa, pamoja na rimu yake, huweza kukaribia kilogramu 100. Likianguka kwa nusu mita, nishati yake ni 100 × 9.8 × 0.5, yaani jouli 490, sawa na mfuko wa saruji wa kilogramu 50 unaoanguka kutoka mita moja. Kwa hiyo magurudumu ya gari yawekewe kabari, gurudumu la akiba liegemezwe juu ya jeki au gogo kabla ya kufuli kuguswa, na mtu asilale chini yake. Moto wa kukatia vyuma usitumike karibu na tairi lililojazwa upepo, kwani joto huongeza shinikizo na tairi laweza kupasuka. Wala cheche zisiruhusiwe karibu na tangi la mafuta.

Kinga

Dereva wetu wa Mikumi hana fundi wala keekee, na ni hatari kwake kutembea nje usiku. Hana budi kuweka alama za tahadhari na kungoja msaada ndani ya gari. Dawa yake ilikuwa kabla ya safari: namba ya ufunguo iandikwe ofisini, ufunguo wa pili usitungwe pamoja na wa kwanza, na kufuli ifunguliwe kila mwezi, kwa maana tope na kutu huzuia pini hata kama ufunguo upo. Mafuta mazito hunasa vumbi, hivyo ni afadhali kuusugua ufunguo kwa risasi ya penseli, ambayo ni grafiti na hulainisha ikiwa kavu.

Zoezi kwa wanafunzi

1. Kufuli ina matundu manne, na pini zake za chini zaweza kuwa na urefu wa namna 5. Funguo ngapi mbalimbali zinawezekana?

2. Tafuteni kufuli mbovu, muifungue kwa msumeno na tupa chini ya uangalizi wa mwalimu. Pimeni urefu wa kila pini ya chini, kisha mchore ufunguo wake.