Tovuti ya ndani ya shirika: makosa ya kawaida na jinsi ya kuyaepuka

Mfanyakazi wa ofisi ya wilaya anaambiwa kuwa mtoto katika mradi amedhulumiwa. Anafungua intraneti, yaani tovuti inayotumiwa na wafanyakazi wa shirika peke yao, ili aone utaratibu wa kutoa taarifa. Anakuta nakala tatu za sera, zote hazina tarehe. Namba ya simu iliyoandikwa ni ya mtu aliyekwisha kuacha kazi.

Kompyuta hazikuharibika. Tatizo ni jinsi tovuti ilivyopangwa na kutunzwa. Makosa manne yafuatayo hutokea mara nyingi.

Kuanza na programu badala ya mahitaji

Mashirika mengi hununua programu kwanza, kisha hutafuta cha kuweka ndani yake. Anza kwa kuwauliza wafanyakazi: ni taarifa gani mnazitafuta kila wiki?

Mfano mzuri ni CERN, kituo cha utafiti wa fizikia karibu na Geneva. Mwaka 1989 Tim Berners-Lee alipendekeza huko mfumo ambao baadaye ulikuwa wavuti ya dunia nzima. Watafiti walikuja na kuondoka, na taarifa zilipotea pamoja nao. Kitu kimojawapo kilichowavuta wafanyakazi waanze kuutumia mfumo huo kilikuwa kitabu cha simu cha kituo. Kilikuwa kitu cha kawaida, lakini kila mtu alikihitaji.

Kupanga kurasa kwa idara

Anayeomba likizo hajui kama fomu iko kwa utawala au kwa uhasibu. Panga kurasa kulingana na kazi: Kuomba likizo, Kusafiri, Kununua vifaa, Kulinda watoto. Andika mada kwenye vipande vya karatasi, kisha waombe wafanyakazi wa idara mbalimbali wazipange katika mafungu wanavyoona wao.

Kurasa zisizo na mwenyewe

■ Kila ukurasa uonyeshe cheo cha mhusika na tarehe ya kukaguliwa tena.

■ Weka nakala moja tu ya kila sera. Za zamani zihifadhiwe mahali pengine.

■ Mfanyakazi anapoondoka, akabidhi kurasa zake kama anavyokabidhi funguo.

Kuzisahau ofisi za mbali

Faili ya megabaiti 5 huchukua zaidi ya dakika 2 na nusu kufika kwenye mtandao wa kilobiti 256 kwa sekunde, hata kama hakuna mwingine anayeutumia. Punguza ukubwa wa picha. Hakikisha kurasa zinasomeka kwenye simu.

Kabla ya kuzindua, waombe wafanyakazi watano, wakiwemo wa ofisi za mbali, watafute mambo matatu: fomu ya safari, namba ya mhasibu na utaratibu wa kuripoti unyanyasaji. Kaa kimya na uangalie wanapokwama. Hapo ndipo pa kurekebisha.

Maswali ya kujadili

■ Katika shirika letu, nani ana wajibu wa kufuta taarifa zilizopitwa na wakati?

■ Ni taarifa zipi, kama majina ya watoto au mishahara, hazipaswi kuonekana na kila mfanyakazi?

■ Kama mtandao ukikatika leo, namba muhimu zimebandikwa ukutani?