Presha Haitoshi

“Dokta, mwongezeeni dripu jamani, si mnaona presha imeshuka?” Ndugu wa wagonjwa mahututi huniambia hivyo karibu kila zamu. Wana haki ya kuuliza, ila presha ni nusu ya habari. Mishipa ikijikaza, presha yaweza kusomeka vizuri huku moyo ukitoa damu haba. Ninachotaka kujua ni moyo unasukuma lita ngapi kwa dakika. Kwa mtu mzima aliyetulia ni kama 5.

Njia iliyozoeleka tangu miaka ya 1970 ni kupitisha mrija mshipani, ukapenya moyoni hadi mshipa wa mapafu. Unapima vizuri, lakini una hatari zake. Mimi natumia ultrasaundi. Napaka jeli, naweka kichwa cha mashine chini ya titi la kushoto, nakiinamisha taratibu mpaka nione njia ambayo damu hutokea kwenda mwilini. Mawimbi yanayorudi kutoka kwenye damu inayokimbia hubadilika mlio, kama honi ya basi linalokupita. Kwa badiliko hilo mashine hukokotoa damu imesafiri umbali gani kwa pigo moja.

Tuseme njia ina upana wa sentimita 2 na damu imesafiri sentimita 20. Hiyo ni kama mililita 63. Kwa mapigo 80, tumepata lita 5.

Shida iko kwenye upana. Ukisoma 1.8 badala ya 2, karibu moja ya tano ya damu imepotea kwenye hesabu. Kwa hiyo lita yenyewe siitegemei sana, naangalia badiliko. Tunamlaza mgonjwa chali, tunamwinua miguu, damu ya miguuni inarudi moyoni, nami napima tena kabla dakika haijaisha. Umbali ukipanda kutoka 15 hadi 18, dripu huenda ikamfaa. Usipopanda, maji mengi yatamwelemea mapafu.

Hilo si woga wangu tu. Utafiti wa FEAST, uliotolewa mwaka 2011, ulihusisha watoto zaidi ya 3,000 wa Kenya, Uganda na Tanzania wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu. Waliomiminiwa maji kwa kasi walifariki zaidi ndani ya saa 48: asilimia 10 na ushee, dhidi ya 7.3.

Picha ya kifuani isipoonekana, hasa kwa mtu mnene, nahamia kwenye kishimo cha chini ya koo na kuelekeza mawimbi chini, kwenye mshipa mkubwa. Walio macho hawapapendi hapo. Wanakohoa, nami naanza upya.