Kompyuta ikifa, daftari la madeni laweza kuokolewa

MWENYE duka la pembejeo Mikumi au Kilosa anayekopesha mbegu na dawa hadi mavuno, na akaweka majina ya wadaiwa kwenye kompyuta, ana jambo moja la kuogopa. Umeme hukatika, ukarudi kwa kishindo, na mashine ikagoma kuwaka. Fedha za msimu mzima huonekana zimekwenda na maji.

Mara nyingi hazijapotea. Pawa saplai yaweza kuungua, lakini kumbukumbu zimo kwenye hadi diski. Fundi huichomoa kwa bisibisi na kuiunganisha na kompyuta nzima kwa waya wa kutoka SATA kwenda USB, nayo hufunguka kama flashi kubwa.

Waya huo una aina zake. Diski ndogo ya kompyuta mpakato hupata umeme kwenye USB yenyewe. Ile ya inchi 3.5, ya kompyuta ya mezani, huhitaji pia volti 12, hivyo waya uje na adapta. Mashine za zamani zina diski za IDE, na nyingi za karibuni zina kipande bapa cha M.2 chenye kasha lake. Ni vema kwenda dukani na diski mkononi. Nauli ya Kilosa hadi Morogoro si ya kulipa mara mbili kwa waya usioingia.

Kuunganisha kompyuta mbili kwa waya wa kawaida wa USB wenye vichwa sawa hakuleti faili, na kunaweza kuunguza zote mbili.

Windows ikiuliza kama diski ifomatiwe, jibu ni hapana. Fundi wa kuogopa zaidi ni yule anayekimbilia "kupiga Windows" kabla ya kunakili chochote. Diski iliyofungwa kwa BitLocker nayo huomba namba ya tarakimu 48, ambayo huenda imebaki kwenye akaunti ya mpwa aliyeiwasha mashine siku ya kwanza.

Mafuriko ya mto Mkondoa, yaliyoikumba Kilosa mwishoni mwa 2009 na Januari 2010, yanakumbusha hatari nyingine: diski iliyolowa isiwashwe kabisa. Inayogonga "tak, tak" izimwe papo hapo, ipelekwe kwa mtaalamu. Ikifunguka salama, faili la madeni linakiliwe kwanza. Picha za harusi zitasubiri.