Refu Kuliko Yote, Kali Kuliko Yote, Gumu Kufa Kuliko Yote

Waingereza wamezika maneno mengi, na mengine yalizikwa mapema mno. Haya ndiyo ninayoyapa medali.

Kwa urefu, mshindi katika kazi za Shakespeare ni honorificabilitudinitatibus: herufi 27, konsonanti na irabu zikipokezana mpaka ile "s" ya mwisho. Mpe Mswahili alisome, atalimaliza bila kujikwaa. Maana yake ni hali ya kustahili heshima, lakini katika tamthilia ya Love's Labour's Lost, iliyochapishwa 1598, mchekeshaji Costard alilitumia kumtania mtoto mmoja kwamba hata kimo chake hakifikii neno hilo.

Kali kuliko yote ni "thou". Zamani "thou" ilikuwa wewe na "you" ilikuwa nyinyi. Baadaye "you" ikawa ya heshima hata kwa mtu mmoja, na "thou" ikabaki kwa Mungu, mpenzi, mtoto, mtumishi na adui. Mwaka 1603, mjini Winchester, Sir Walter Raleigh aliposhtakiwa kwa uhaini, mwanasheria mkuu Edward Coke alimrushia "thou" mbele ya mahakama, tena akaigeuza kitenzi ili mshtakiwa asiwe na shaka kwamba anadharauliwa. Fikiria mzee wa watu anaitwa "we!" hadharani. Nusu karne baadaye wafuasi wa George Fox, wale ambao magharibi mwa Kenya huitwa Marafiki, walimwambia kila mtu "thou", awe hakimu au mchunga kondoo. Wapo waliopigwa kwa ajili ya hilo. Leo Mwingereza akisikia "thou" hudhani ni neno la unyenyekevu la kanisani!

Lililopotosha wasomaji wengi, kwa maoni yangu, ni "meat". Katika Biblia ya Kiingereza ya 1611, kitabu cha Walawi kinataja sadaka ya "meat", na msomaji wa leo hutafuta mbuzi asimwone. Kuna unga, mafuta na ubani tu. Wakati ule "meat" ilikuwa chakula chochote. Biblia yetu haina utata huo: imeandika sadaka ya unga.

"Silly" na "nice" yalipishana njiani. La kwanza lilianza na maana ya aliyebarikiwa, likaishia kwa mjinga; la pili lilianza kwa mjinga, sasa linasifia chai na hali ya hewa.

Linalonisikitisha zaidi ni "overmorrow", yaani keshokutwa. Limo katika Biblia ya Myles Coverdale ya 1535, kisha likatupwa, na sasa Mwingereza hutumia maneno manne kuitaja siku moja. Sisi tuna keshokutwa, tuna mtondo, tuna na mtondogoo. Ila tusiwacheke sana: muulize kijana wa mjini mtondogoo ni lini.

Gumu kufa kuliko yote? Hapa sina mjadala. Mfalme Æthelberht wa Kent, yapata mwaka 600, alitunga sheria ambazo ndizo maandishi ya kale zaidi ya sheria kwa Kiingereza. Humo fidia zimepangwa kiungo kwa kiungo. Ukimkata mtu kidole gumba, unalipa "scillingas" 20. Kidole cha mwisho, 11. Kile cha kati, kirefu kuliko vyote, 4 tu. Neno hilo likaja kuwa "shilling", likavuka bahari, na mwaka 1921 likawa jina la fedha ya Afrika Mashariki.

Kwao, shilingi iliondolewa katika hesabu za fedha tarehe 15 Februari 1971. Kwetu, leo asubuhi nimedaiwa shilingi mia mbili za vitumbua.