Kabla ya Njia, Uliza Upepo

Mkazi wa Kariakoo, Gerezani au Kisutu anayetaka kuanza kukimbia huuliza kwanza njia ipi nzuri. Anataka atajiwe barabara. Kwa mtu wa Arusha swali hilo linatosha, maana asubuhi ya huko ina ubaridi wake. Dar es Salaam la kwanza ni upepo unatoka wapi leo, la pili ni maji ya bahari yamefikia wapi. Barabara ni la tatu.

Sababu iko kwenye joto la mwili. Mtu wa kilo 60 akikimbia kilomita 10 hutumia takriban kalori 600, na robo tu ya hizo, pengine pungufu, ndiyo inayosukuma miguu. Zaidi ya 450 zilizobaki ni joto tupu linalotafuta pa kutokea, na kwenye hali ya hewa yetu mlango wake mkuu ni jasho. Lita moja ya jasho ikikauka yote juu ya ngozi huondoka na kalori kama 580. Kwa hesabu hiyo, chini ya lita moja ingemtosha mkimbiaji wetu. Shida ni kwamba halikauki. Jasho linalodondoka kwenye lami halijapoza kitu. Limekunyang'anya maji na chumvi bure.

Na alfajiri, saa tunayoipenda wote, ndiyo yenye unyevu kuliko zote. Mwezi Aprili, saa 12 asubuhi, unyevu wa hewa hukaribia au kupita asilimia 90. Jua halipo, na hiyo ni nafuu kubwa, ila hewa imeshiba na haipokei jasho lako. Msaada uliobaki ni hewa inayosogea: upepo unaoondoa mvuke uliokugandama na kuleta hewa nyingine mahali pake.

Hili si la wanaoanza tu. Septemba 2025, Alphonce Simbu alipotwaa ubingwa wa dunia wa marathoni jijini Tokyo, kwenye asubuhi ya joto na unyevu, alitumia saa 2:09:48. Mjerumani Amanal Petros aliandikiwa muda huohuo, wakatenganishwa na sehemu tatu za mia za sekunde. Aprili ya mwaka huohuo, Boston, Simbu alikuwa amekimbia kwa 2:05:04. Kweli, mbio za ubingwa hukimbiwa kwa kuviziana, lakini joto nalo lilidai chake. Sasa kama bingwa wa dunia anapunguza mwendo, wewe uliyetoka Mtaa wa Mchikichi na viatu vipya unashindana na nani?

Turudi kwenye upepo. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, kuanzia Desemba hadi Machi hivi. Kusi hushika kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba na kuendelea. Ndani ya misimu hiyo kuna mzunguko wa kila siku. Usiku nchi kavu hupoa kuliko bahari, hivyo alfajiri upepo mwepesi hutoka bara kwenda majini. Wavuvi wenye matanga wameutumia tangu zamani kutokea. Jua likipanda mambo hugeuka, na upepo huingia kutoka baharini.

Ukikimbia kilomita 10 kwa saa huku upepo wa kasi hiyohiyo uko mgongoni, hewa inayokuzunguka imesimama. Unapikika ukiwa ufukweni, na bendera zinapepea. Vitabu vya mbio vilivyoandikwa nchi za baridi hushauri uanze kwa kuukabili upepo, urudi ukiwa mgongoni, ili jasho lisikupige baridi. Kwetu geuza: nenda nao ukiwa bado hujachemka, rudi ukiupokea kifuani.

Wakati wa kusi, basi, anzia mjini. Kutoka sokoni Kariakoo unashika Uhuru, unapita Mnazi Mmoja na Mnara wa Saa, unaingia Samora hadi Sanamu ya Askari, halafu Bustani ya Mimea ambayo Wajerumani waliianzisha 1893. Ni takriban kilomita tatu hadi baharini, na sehemu kubwa si ya kukimbilia kwa kasi. Kuta za maghorofa zimehifadhi joto la jana na zinalitoa usiku kucha, upepo haupenyi, na kabla ya saa 12 malori yameshaanza kushusha mizigo huku makuli na mikokoteni wakidai barabara yao. Itembee, au ikimbie polepole kama ya kupasha misuli.

Magogoni ndipo kazi inapoanza. Usikatize ndani ya soko la samaki la Feri: sakafu ina maji na magamba, na mnada haumngojei mkimbiaji. Fuata barabara ya pwani, iliyoitwa Ocean Road hadi ilipopewa jina la Barack Obama alipotuzuru 2013. Simu ibaki mfukoni unapopita eneo la Ikulu, na ukielekezwa na askari upande wa kupita, pita huo. Mbele ni hospitali ya Ocean Road, jengo la mwisho wa karne ya 19, kisha unazunguka hadi Aga Khan. Kutoka Feri ni kama kilomita tatu nyingine, karibu tambarare tupu. Penye mivinje kimbilia chini yake. Vijitawi vyake vyembamba kama sindano hukinga jua na bado hupitisha upepo. Mwembe hukupa kivuli kizito na kukunyima hewa.

Kisha Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa kwa magari Februari 2022. Lina urefu wa mita 1,030 na njia ya waenda kwa miguu, na kwa maoni yangu ndiyo kilomita bora ya kukimbia mjini: imeinuliwa juu ya maji na hakuna kinachozuia upepo. Kivuli hakuna hata kidogo, kwa hiyo kufikia saa 2 asubuhi uwe umeshavuka. Ukienda na kusi mgongoni hadi ufukwe wa Coco, urudi ukiupokea juu ya daraja, utaona tofauti kwenye fulana yako. Wakati wa kaskazi panga kinyume: panda daladala hadi Coco uanzie huko, au baki darajani ukienda na kurudi, ili mgongo usikae na upepo muda mrefu. Alfajiri sana, upepo ukiwa bado hafifu, uwazi wa mahali ni muhimu kuliko upande unaoelekea.

Coco penyewe wengi huvutwa na mchanga. Sina ugomvi na mchanga, ila ujue gharama yake. Watafiti wa Louvain, Ubelgiji, walichapisha 1998 vipimo vilivyoonyesha kuwa kukimbia kwenye mchanga laini hutumia nguvu mara 1.6 ya ardhi ngumu. Nguvu zaidi ni joto zaidi, na tumeshaona joto hilo halina pa kwenda. Mchanga wa kukimbilia ni ule uliolowa ukashikana, na huo hupatikana maji yakipwa. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita tatu, na pwani hii hujaa kama saa 10 alfajiri. Anayefika saa 12 asubuhi hukuta bahari bado iko juu, amebakiziwa ukanda mwembamba wa mchanga mlegevu. Maji hukawia kama dakika 50 kila siku. Kwa hiyo kupwa kwa alfajiri huangukia karibu na tarehe 10 ya mwezi mwandamo, na tena karibu na tarehe 25. Mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani ana jedwali lake tayari. Kumbuka pia kwamba ufukwe umeinama kuelekea majini: mguu mmoja uko juu, nyonga inalipa. Rudi kwa njia uliyoendea ili miguu ibadilishane zamu.

Ukimaliza, dafu ni zuri kwa maji yake, lakini lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, wakati jasho hutoa sodiamu zaidi. Mihogo ya Coco yenye chumvi inafidia vizuri kuliko wanavyodhani wanaouza vinywaji vya rangi.

Mbali na bahari tuna mto, Msimbazi, na hapa nitakuwa mfupi kwa sababu kwa sasa si njia ya mbio. Bonde la Jangwani hufurika. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40. Tope linaloachwa lina maji ya vyoo, na mchubuko mdogo wa mguu unatosha kuingiza vijidudu. Upo mradi mkubwa wa kuliendeleza bonde, pamoja na kuweka bustani ya jiji, na ukikamilika nitaandika upya. Kwa leo utazame mto ukiwa juu ya daraja. Maji yakipwa upande wa Daraja la Salenda, mchu huonyesha mizizi yake iliyosimama wima kwenye tope ikivuta hewa, na yangeyange hupita katikati yake wakidonoa.

Mto huohuo huanzia vilima vya Pugu, kwenye msitu ulio karibu zaidi na sisi wenye ukubwa wa maana: Hifadhi ya Pugu-Kazimzumbwi, Kisarawe. Daladala hukufikisha, langoni unalipa kiingilio, na njia za udongo ni laini kwa magoti kuliko lami yoyote ya mjini. Penye udongo mweupe wa kaolini huteleza sana baada ya mvua. Wengi hudhani msituni kuna ubaridi, hivyo wanaongeza kasi. Kivuli kipo kweli, lakini miti hupumua mvuke na huzuia upepo, na vilima huongeza kazi ya misuli. Nenda Juni hadi Agosti, na usiende peke yako, kwa sababu ya usalama na kwa sababu ya mwendo.

Pasipo upepo, ulichobaki nacho mkononi ni kasi tu, na kipimo chake tulifundishwa shuleni na JKT: mchakamchaka. Mmoja anaimba, wengine wanaitikia. Anayeweza kuitikia sentensi nzima yuko ndani ya uwezo wake. Anayetoa nusu neno joto lake limeanza kupita linavyotoka, na kundi lipunguze kwa ajili yake. Kwenye mlima wa kwanza baada ya lango, muimbishaji awe yule mzito kuliko wote.