Kivuli kinachogawa maji Nizwa

Nilikwenda Nizwa, Oman, mwezi wa Januari kwa mambo yale yale yanayowapeleka wageni wote: soko la mbuzi la Ijumaa, na ile ngome yenye mnara mnene wa duara. Nimerudi na habari ya nguzo.

Ni mti mkavu tu, umesimikwa kwenye uwanja wa udongo mgumu pembeni ya mitende, nje kidogo ya mji. Chini yake yamepangwa mawe madogo, mengine upande wa magharibi, mengine mashariki. Nilidhani ni mchezo wa watoto. Mzee mmoja aliyekuwa ameinama mferejini akanizuia, tena kwa Kiswahili cha Unguja: "Usilipige teke hilo jiwe, mwanangu. Hiyo zamu ya jirani."

Nikamwamkia, tukakaa. Alizaliwa Unguja, akaja Oman akiwa kijana miaka ya 1970. Jina aliniomba nisilitaje. Akanionyesha. Asubuhi kivuli cha nguzo hulala kirefu upande wa magharibi, kisha hujikunja jiwe kwa jiwe hadi adhuhuri, ndipo kianze kutambaa upande wa pili. Kikifika kwenye jiwe lako, maji ni yako: jirani anaziba kwake kwa matambara na udongo, wewe unafungua. Kipimo chao wanakiita athar, kama nusu saa hivi. Usiku zamu hizo zilifuatwa kwa nyota.

Maji yenyewe hutoka chini ya milima na kuteremka bila pampu. Oman ina mifereji ya namna hiyo, yaani aflaj, kama 3,000 inayotiririka hadi leo, na mmoja wa Nizwa, Daris, uliingia Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006.

"Na siku ya mawingu, babu?"

Alicheka mpaka akakohoa. "Hapa jua halikosi kazini. Kule kwetu wakati wa masika, nguzo hii ungeifanyia nini? Hata nguo usingeanika."

Wageni wa Januari anawahurumia. "Wanakuja kuota jua, tende mtini hakuna. Mji huu uje Julai." Julai, wakati joto linapita nyuzi 40 na ukuta wa nyumba haushikiki! Lakini ndilo joto linaloivisha tende. Akanisogezea sahani ya tende za khalas za akiba na kikombe cha kahawa chungu. "Jua mnalolikimbia nyinyi, mie nalitafuna."

Nilikuwa na swali lililonikera tangu nilipoyaona mawe. Mchana wa Januari ni mfupi, wa Julai mrefu. Kivuli nacho hubadilika. Nani anapunjwa?

"Zamu huzunguka," alisema, kama mtu aliyekwisha kuulizwa hilo na wanawe. Wanawe wako Muscat, wana saa mkononi na simu mfukoni. Majirani kadhaa wamechimba visima vya pampu. Nikamuuliza, siku saa na nguzo zikipingana, watu hufuata ipi?

Hakunijibu. Alikuwa ameshageuka kutazama chini. Akaacha kahawa nusu kikombe, akashuka mferejini miguu mitupu na kuanza kusukumiza matambara kwenye tundu lake, huku maji yakigeuka taratibu kuelekea kwa jirani.