Breki Nzima Hazitoshi: Fahamu Springi na Shokomzoba za Gari Lako



Tunapomsimamisha dereva wa teksi katika barabara ya Kampala kwenda Masaka na kumwuliza hali ya gari lake, jibu la kwanza huwa, "Afande, breki zinashika." Jibu hilo ni jema, lakini halitoshi. Breki huzuia gurudumu. Kinachosimamisha gari ni tairi lililoshika ardhi. Gurudumu likiwa hewani, hata kwa nusu sekunde, breki haina la kufanya. Kazi ya kulikalisha gurudumu chini ni ya springi, shokomzoba na viungo vyake, vitu ambavyo wengi wetu hatuvitazami mpaka vivunjike.

Springi, ziwe za mviringo au za mapande kama zile za malori, ndizo zinazobeba uzito. Gurudumu likiingia shimoni, springi hujikunja na kumeza kishindo. Hata hivyo, springi ikiachwa peke yake haijui kutulia. Itapanda na kushuka mara nyingi. Hapo ndipo inapohitajika shokomzoba, ambayo mafundi huiita shokapu. Ndani yake mna oili na pistoni. Pistoni ikisukumwa, oili hupenya kwa shida katika matundu membamba, na nguvu ya mtikisiko hugeuka kuwa joto. Hivyo shokapu haibebi gari, bali hulituliza. Bushi za mpira na boljointi nazo huliongoza gurudumu lisipotoke njia yake.

Uchakavu huja polepole, na dereva huuzoea kama mtu anavyozoea kiatu kilichopinda. Kwa sababu hiyo tunawaomba mzichunguze dalili hizi:

1. Gari huinamisha pua sana linapofunga breki, au hulala upande katika kona.
2. Baada ya tuta, gari huendelea kunesanesa.
3. Mwili wa shokapu umelowa oili.
4. Tairi limelika kwa mabaka, au limelika upande mmoja tu.
5. Sauti ya kugonga husikika chini kila gari linapopita shimo.
6. Gari limesimama mahali tambarare, lakini pembe moja iko chini kuliko nyingine.

Mko jaribio rahisi la nyumbani. Gandamiza pembe moja ya gari kwa nguvu, kisha uachie. Likipanda na kutulia, ni dalili njema. Likinesa mara kwa mara, mwone fundi. Lakini jaribio hili hufichua shokapu iliyochoka sana tu, kwa hiyo lisichukue nafasi ya ukaguzi wa fundi. Shokapu zibadilishwe mbili mbili, kushoto na kulia. Wala asiyekuwa na kifaa maalumu asifungue springi iliyobanwa, kwani ikifyatuka yaweza kuua.

Tunao pia ushauri kwa wenye magari wanaoongeza mapande ya springi ili gari libebe zaidi. Springi ikiwa ngumu kupita uwezo wa shokapu, gari hurukaruka na kupoteza mshiko. Mzigo ulioinuliwa juu nao huongeza hatari ya kupinduka, hasa katika makona ya milima ya Kabale kwenda Kisoro.

Tunafahamu kwamba dereva wa teksi mara nyingi si mwenye gari. Hupeleka hesabu jioni, na akiomba fedha za bushi huambiwa, "Vumilia kwanza." Mwenye gari, neno hilo ni zito. Ndani ya gari lako hukaa abiria 14, na hakuna hata mmoja aliyeulizwa kama yu tayari kuvumilia.

Tukiri pia mpaka wa kazi yetu. Askari aliye kando ya barabara huona tairi kipara na taa iliyokufa, lakini uchovu ulio ndani ya shokapu hauoni. Anayeujua ni yule anayeshika usukani kila siku, na abiria anayesikia chuma kikigonga chini ya miguu yake. Dereva, mweleze tajiri wako mapema. Abiria, mwulize dereva kwa heshima, na akipuuza, shuka utafute gari jingine. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Barabarani, ukuta huo huwa ni kaburi.